Saratani ya kongosho: Usikubali mgonjwa wako aambiwe "vumilia"

SWALI la kwanza ambalo ndugu wa mgonjwa wa saratani ya kongosho huniuliza ni moja: "Daktari, atapona?" Huniuliza koridoni, mgonjwa mwenyewe akiwa amebaki ndani anasubiri. Nikiwajibu kwa ukweli kwamba ugonjwa umeshasambaa na hautaondoka, wengi huchukua mikoba yao. Kwao mazungumzo yamekwisha. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na bahasha ya picha, na kuanzia siku hiyo kila kinachomsumbua kinaitwa "ndiyo ugonjwa wenyewe".

Swali la pili ni wachache wanaoliuliza: je, usiku wa leo atalala? Makala ya wiki hii ni ya swali hilo.

Nilimtembelea nyumbani kwake hapa Ipagala mzee mmoja, fundi ujenzi wa zamani. Nimebadilisha mambo machache katika habari zake ili asitambulike. Zilikuwa zimepita wiki sita tangu aambiwe ana saratani ya kongosho. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kifua amekilaza juu ya mito miwili iliyowekwa kwenye kiti mbele yake. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, "Mama, mzee analalaje?" Akanijibu, "Hivyo hivyo unavyomwona, daktari. Ameshazoea."

Hakuwa amezoea. Kuinama mbele ni namna ambayo wagonjwa wengi wa kongosho huigundua wenyewe, bila kufundishwa na mtu, kwa sababu wakilala chali maumivu yanachoma kutoka tumboni hadi mgongoni. Mzee alikuwa hajalala usiku mmoja mzima kwa mwezi na nusu. Mikono ilikuwa na vidonda vya kujikuna. Chakula, kwa maneno ya familia, alikuwa "amesusa". Dawa pekee iliyokuwa pale mezani ni parasetamoli, na alikuwa ameelekezwa ameze pale maumivu yanapozidi, vinginevyo avumilie.

Maumivu, kuwashwa, kukosa kula. Yote matatu yana cha kufanyiwa, hata pale ambapo uvimbe wenyewe hauna cha kufanyiwa.

Kiungo kisicho na jina mtaani

Wenyeji wa mnada wa Msalato watakutajia ini, figo, bandama na utumbo wa mbuzi bila kufikiri. Kongosho halina umaarufu huo. Ni kiungo laini, chenye urefu wa kama sentimita 15, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula karibu kabisa na uti wa mgongo. Lina kazi kubwa mbili. Linamwaga kwenye utumbo mwembamba maji yenye vimeng'enya vinavyosaga mafuta, protini na wanga. Pia linatengeneza insulini, ile inayodhibiti sukari kwenye damu.

Naomba picha hiyo ikae kichwani, kwa sababu karibu kila dalili nitakayoitaja inatokana na mahali lilipo na kazi linayoifanya. Nyuma yake kuna fundo kubwa la mishipa ya fahamu. Kichwani mwake unapita mfereji wa nyongo kutoka kwenye ini. Na utumbo mwembamba, pale unapoanza, umekizunguka kichwa hicho kama mkono uliokumbatia. Uvimbe ukikua hapo, unabana vitu vitatu kwa mpigo.

Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka 2022 watu zaidi ya 510,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na watu wapatao 467,000 walifariki kwa sababu yake. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana. Hapa Tanzania, ambako wagonjwa wapya wa saratani za aina zote wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka, kongosho ni sehemu ndogo ukilinganisha na shingo ya kizazi au matiti. Lakini anayeipata huwa anachelewa sana kufika kwetu.

Anachelewa kwa sababu ugonjwa unajificha ndani ya magonjwa mengine. Maumivu ya chembe ya moyo yanaitwa vidonda vya tumbo, na mtu anakunywa dawa za vidonda kutoka duka la dawa miezi sita, saba. Maumivu ya mgongo yanaitwa ya kazi. Macho yakiwa ya njano inaitwa homa ya ini. Kwa hiyo niseme haraka: mtu mzima mwenye maumivu ya chembe yasiyokwisha huku anapungua uzito, au aliyegeuka manjano, au aliyepata kisukari ghafla baada ya miaka 50 ilhali anakonda, asiishie duka la dawa. Aende apigwe utrasaundi, na ikibidi picha ya CT. Uvutaji wa sigara, unene uliokithiri, kongosho lililovimba kwa miaka mingi (pombe ikiwa sababu mojawapo) na historia ya ugonjwa huu katika ukoo huongeza hatari.

Upasuaji wa kuuondoa uvimbe wote ndio unaotoa tumaini la kupona. Hata katika nchi tajiri, ni chini ya mmoja kati ya wagonjwa watano wanaogundulika wakiwa bado wanafaa kwa upasuaji huo. Marekani, pamoja na fedha na mashine zao zote, wagonjwa kama 13 tu kati ya 100 wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema kwa sababu wagonjwa wengi wataishi na ugonjwa huu kwa wiki au miezi, na hizo wiki au miezi ni maisha yao. Lazima mtu ajishughulishe nayo.

Yanayomsumbua, na yanayowezekana

Nianze na kuwashwa, maana ndiko kunakodharauliwa kuliko vyote. Nyongo ikizibiwa njia hurudi kwenye damu. Macho na ngozi vinakuwa vya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na choo kinapauka kama majivu. Chumvi za nyongo zilizobaki mwilini ndizo zinazomwasha mgonjwa usiku kucha mpaka anajichubua. Vidonge vya mzio tunavyovijua vyote havisaidii sana hapa, maana huu si mzio.

Kinachosaidia hasa ni kuifungua njia. Daktari bingwa anaweza kupitisha kifaa mdomoni hadi kwenye utumbo na kuweka mrija mdogo wa plastiki au wa chuma kwenye mfereji wa nyongo. Isipowezekana, upo upasuaji wa kuipitisha nyongo njia nyingine. Ni hospitali chache kubwa zinazofanya hivyo nchini, kwa hiyo lazima muulize: "Daktari, njia yake ya nyongo inaweza kufunguliwa?" Ulizeni hata kama mmeshaambiwa ugonjwa hauponi. Hilo ni jambo jingine. Wakati mnasubiri, aoge maji yasiyo ya moto, apakwe mafuta mara baada ya kuoga, akatwe kucha, avae nguo laini za pamba. Hewa kavu ya Dodoma na upepo wetu wa Juni hadi Agosti vinaikausha ngozi na kuongeza adha, hivyo mafuta yasikose.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi majumbani. Kongosho likishindwa kumwaga vimeng'enya, mafuta hayasagiki. Mgonjwa anajaa gesi, tumbo linanguruma, na choo kinakuwa kingi, cha kung'aa mafuta, chenye harufu kali, kinachoelea na kugoma kuondoka hata ukimwaga maji. Mtu wa namna hiyo anaweza kula na bado akakonda. Wengi wanaacha kula si kwa sababu hawana njaa bali kwa sababu wanaogopa kitakachofuata chooni, na aibu haiwaruhusu kusema. Mzee wetu wa Ipagala hakuwa amesusa. Choo cha nyumba yao kiko nje, na usiku alikuwa hawezi kukimbilia.

Vipo vidonge vya vimeng'enya vya kongosho. Vinamezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza, si saa moja kabla wala baada. Bei yake si ndogo na si kila famasi inavyo, lakini daktari akishajua tatizo ni hilo anaweza kuandika na kuelekeza pa kuvipata. Visipopatikana, milo iwe midogo na ya mara nyingi, mafuta yapunguzwe kwa kiasi ambacho choo kitakuambia chenyewe. Uji wa uwele, maziwa mgando, ndizi, yai, ugali laini na mlenda unaoteleza bila kulazimisha koo: hivyo wagonjwa wangu wengi wanavimudu. Karanga za kusaga ni chakula kizuri sana, lakini kwa asiye na vimeng'enya anza na kijiko kimoja, uone.

Na tafadhali, mama au dada unayemlisha, usimshindilie. Kuna wakati ugonjwa unapoendelea mwili unaacha kukitaka chakula. Kijiko kinachosukumwa kati ya meno yaliyofungwa hakimwongezei siku. Mpe anachokitaka, hata kama ni zabibu tano tu na maji ya baridi.

Kutapika ni tofauti. Mgonjwa akitapika chakula alichokula jana, kikiwa vilevile, pengine utumbo umebanwa na hakuna kinachopita. Hilo halitibiwi nyumbani kwa tangawizi, arudi hospitali. Sukari nayo ipimwe, maana kongosho linalougua huweza kuleta kisukari kipya. Nimekuta familia zikimpa mgonjwa wa manjano juisi ya miwa na glukosi kutwa nzima kwa imani kwamba zinasafisha ini, kumbe sukari yake iko juu sana na ndiyo inayomfanya awe na kiu na kukojoa kila saa.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa kwenye ndama, yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Saratani ya kongosho inajulikana sana kwa kuleta hilo. Usimkande mguu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na akianza kuhema kwa shida, saa hiyo hiyo.

Iliyobaki ni huzuni. Saratani hii ina uhusiano wa karibu na sonona kuliko saratani nyingi. Wapo ambao moyo ulianza kuzama hata kabla ya uvimbe kuonekana. Mgonjwa aliyegeukia ukutani, asiyetaka hata kumwona mjukuu, asiambiwe amekata tamaa au imani yake ni ndogo. Aulizwe, asikilizwe, na akihitaji apewe dawa. Zinafanya kazi kwa mgonjwa wa saratani kama zinavyofanya kazi kwa mwingine.

Hofu ya morfini

Sasa maumivu. Nimeyaacha hadi hapa kwa sababu yana hadithi ndefu.

Maumivu ya kongosho mara nyingi hayatoshelezwi na parasetamoli wala diklofenaki. Yanahitaji dawa kubwa, na dawa hiyo ni morfini ya kunywa. Nikiitaja tu, sebule nzima hunyamaza. Mmoja atasema ni dawa ya kulevya. Mwingine atasema jirani yao alipewa, akafa baada ya siku mbili. Hoja ya pili naielewa inakotoka: kama dawa inatolewa siku mbili za mwisho tu, kila anayeipata atakufa baada ya siku mbili. Kosa ni la kuchelewa. Morfini inapimwa kwa ukubwa wa maumivu. Haisubiri kaburi liwe karibu. Wapo wagonjwa wanaoinywa kwa miezi huku wanatembea, wanaenda ibadani, wanagombana na mafundi wao.

Kuhusu uteja: mgonjwa anayekunywa morfini kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kuwa mteja. Mwili wake unaweza kuizoea, na ndiyo maana haikatwi ghafla, lakini hilo si sawa na kuisaka mtaani.

Inavyotumika ni hivi. Ni maji, yanapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hunywewa kwa saa, takribani kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na ya saa 4 usiku ambayo mara nyingi daktari huiongeza ili mgonjwa apitilize hadi asubuhi. Kusubiri maumivu yapande ndipo umpe ni kama kusubiri nyumba ishike moto ndipo uchote maji. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia na pengine kichefuchefu, hupungua. Kufunga choo hakupungui kwenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya kwanza, pamoja na maji na papai. Akilala usingizi mzito usioamshika, au akihema polepole sana, msimwongezee dozi. Mpigieni daktari au mleteni.

Yule mzee alianza morfini siku ya Jumatatu. Ijumaa asubuhi mama mwenye nyumba alinipigia simu akilia: mzee hajaamka. Nikamwambia, "Mama, mguse, mwite jina." Akaita. Nikasikia kwenye simu sauti ya mzee akiuliza kelele za nini, halafu akaomba uji. Alikuwa amelala tu, kitandani, kwa mara ya kwanza tangu apewe majibu yake. Baadaye alipata rufaa, njia ya nyongo ikafunguliwa, na kuwashwa kukaisha. Aliishi miezi kadhaa baada ya hapo. Alifia nyumbani.

Upo pia utaratibu wa kuchoma sindano ya kuzima lile fundo la mishipa ya fahamu nyuma ya tumbo, kwa maumivu yasiyosikia morfini. Ni wa hospitali kubwa na si kwa kila mtu, ila ni halali yako kuuliza.

Wanaodhani mambo haya ni ya Ulaya watazame kwa jirani. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa mahututi mjini Kampala, Hospice Africa Uganda, baada ya kufanya kazi Singapore na Nairobi. Alichokuja nacho kilikuwa rahisi mno: unga wa morfini, maji, dawa ya kuhifadhi, na chupa za plastiki, hata zile zilizokuwa na maji ya kunywa. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kumsubiri daktari asiyekuwepo. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikitengeneza morfini ya maji kutokana na unga, na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Maoni yangu, na sitayaficha, ni kwamba Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba kila moja inahitaji angalau muuguzi mmoja aliyefunzwa kazi hii na mwenye chupa kabatini.

Huduma hiyo kwa Kiswahili tunaiita tiba shufaa. Watu husikia "tiba ya kufa". Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipewa matibabu ya kawaida, nusu wakapewa matibabu hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa walikuwa na maisha yenye nafuu zaidi na sonona kidogo zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi: kati ya miezi 11 na 12, dhidi ya miezi isiyofika 9. Ilikuwa mapafu, si kongosho, na sitaki mtu anipe ahadi nisiyoitoa. Lakini tangu hapo ni vigumu kusema kwamba kumtuliza mgonjwa ni kumwachia aende.

Ngumi na vidole vitano

Watafiti wa ubora wa maisha wana dodoso maarufu la maswali 30 kwa wagonjwa wa saratani, na nyongeza ya maswali 26 kwa wa kongosho peke yao. Wanauliza kuhusu maumivu ya usiku, ladha ya chakula iliyobadilika, gesi, mdomo mkavu, mikono na miguu kukosa nguvu, hofu ya siku zijazo, hata hamu ya tendo la ndoa. Kwa Afrika, Chama cha Tiba Shufaa Afrika kina dodoso fupi zaidi la maswali 10: saba ya mgonjwa, matatu ya anayemtunza. Nayapenda hayo matatu. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza mama mwenye nyumba kama yeye mwenyewe ana wasiwasi.

Nyumbani huhitaji dodoso. Tumia mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Hata bibi asiyejua kusoma na asiyependa kulalamika atakuonyesha vidole. Muulize asubuhi, mchana na kabla ya kulala, kisha andika kwenye daftari la shule: vidole vingapi, amelala saa ngapi, amekula nini, choo kikoje, amejikuna au la. Wazee wetu wa Kigogo, na wengine wengi, wamelelewa kwamba mtu mzima halii. Ukimuuliza "Unaendeleaje, baba?" atakujibu "Nzuri, mwanangu". Ukimwomba vidole, anatoa vinne.

Watoto waambiwe nini?

Swali hili huletwa na wazazi ambao wagonjwa ni wao wenyewe. Mama wa watoto watatu aliniambia amewaeleza wanawe kwamba ana vidonda vya tumbo. Mkubwa, wa darasa la sita, alikuwa ameshaacha kula pilipili na alikuwa akimzuia mama yake asile, kwa imani kwamba ndiyo itakayomponya. Mtoto asipoambiwa hujitungia maelezo, na mara nyingi katika maelezo hayo kosa linakuwa lake.

Mwambie kwa maneno machache ya kweli. Ugonjwa unaitwa saratani, uko tumboni. Hauambukizi, anaweza kulala karibu nawe. Hakuna alichofanya kuuleta. Madaktari wanakupa dawa za kukupunguzia maumivu. Na lile analoliogopa zaidi bila kulisema: nani atampeleka shule, nani atakuwa naye. Akiuliza, "Mama, utakufa?", usikimbie chumba. Unaweza kusema, "Ugonjwa ni mkubwa na unaweza kunichukua. Leo nipo na wewe." Kisha mpe kakazi kadogo, kama kuleta maji au kuhesabu vidole na kuandika. Chupa ya morfini, lakini, ikae kabatini na kufuli, mbali na mikono yao.

Kabla ya kuuza kiwanja

Nimeona kiwanja kikiuzwa Ipagala kwa bei ya haraka ili mgonjwa apelekwe nje ya nchi. Simkatazi mtu kutafuta. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kusaini, muulizeni daktari anayependekeza safari: huko anakwenda kufanyiwa nini hasa, lengo ni kumponya au kumpunguzia, na kama ni kumpunguzia, je, haiwezekani hapa nchini? Tibakemia inaweza kumwongezea baadhi ya wagonjwa miezi na nafuu, lakini si kwa aliye dhaifu kiasi cha kushindwa kutoka kitandani, na kumnyima kwa sababu hiyo si kumtupa.

Kwa walioko Dodoma, anzieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na ombeni waziwazi huduma ya tiba shufaa, kwa jina hilo. Anayepelekwa Ocean Road, treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imemfupishia mateso ya barabarani; mkate siti ambayo ataweza kuinama mbele, na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la juu.

Mgonjwa wa manjano, au aliyewekewa mrija wa nyongo, akipata homa na kutetemeka, asisubiri kesho. Ni maambukizi ya hatari. Kadhalika anayetapika kila kitu, mwenye choo cheusi kama lami, au aliyeanza kuchanganyikiwa.

Mkija kliniki, njooni na daftari lenu la vidole na chupa zote za dawa, pamoja na zile za mitishamba. Sitawagombeza, nahitaji tu kujua anakunywa nini. Na kama anaweza kukaa kwenye gari, njooni na mgonjwa mwenyewe. Wiki haipiti bila kupokea ndugu wanne waliobeba bahasha, ambao kila ninachouliza wanatazamana.